Kufuta Mizani Kila Baada ya Kupima

Katika Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa Galilaya mwanzoni mwa karne ya 3, kuna agizo dogo kwa wenye maduka ambalo msomaji mwenye haraka hulipita tu. Mwenye duka, linasema agizo hilo, asafishe vipimo vyake mara mbili kwa juma, mawe yake ya mizani mara moja kwa juma, na mizani yenyewe aifute kila baada ya kupima. Aliyewahi kununua mafuta ya kula kwa kipimo sokoni anaielewa sababu bila kuelezwa. Kitu cha majimaji hunata. Kila mteja huacha kidogo chake ukutani mwa chombo, kidogo hicho hukauka, kingine hukaukia juu yake, na baada ya mwezi kipimo kimepungua ujazo ingawa mwenye duka hajawahi hata siku moja kukaa akapanga kumwibia mtu. Ndiyo maana Rabani Shimon ben Gamliel aliongeza, papo hapo, kwamba usumbufu huu wote unahusu bidhaa za majimaji. Anayepima vitu vikavu ameepukana nao.

Kipimo kwa Kiebrania ni mida, na wingi wake ni midot. Neno hilohilo ndilo lililotumika katika Walawi 19:35, pale Waisraeli wanapokatazwa kutenda isivyo haki katika kupima urefu, uzito na ujazo. Na karne nyingi baadaye ndilo wanalolitumia walimu wa Kiyahudi kwa maana ya sifa ya tabia. Subira ni mida, ukweli ni mida, unyenyekevu ni mida. Kwa lugha hiyo tabia ni chombo cha kupimia alichokabidhiwa mtu, na chombo huchafuka kwa kutumika hata pasipo nia mbaya. Nadhani hapo ndipo lilipo pengo la somo la maadili ya biashara kama linavyofundishwa katika vyuo vingi: linafundisha sheria ya mizani, wakati mwingine hata falsafa ya mizani, lakini halina saa moja ya kufuta. Mapokeo ya Kiyahudi yanayoitwa Musar yameifanya kazi hiyo ya kufuta kwa zaidi ya karne moja na nusu kama harakati iliyopangwa, na wapo walimu wa maadili ya biashara wanaojiuliza kama inaweza kuingia darasani. Jibu langu ni kwamba inaweza, kwa masharti ambayo vyuo havitayapenda.

Tuanze na darasa lenyewe. Baada ya Enron, kampuni ya nishati, kuanguka mwishoni mwa 2001 kwa udanganyifu wa hesabu, na WorldCom, kampuni ya simu, kufuata Julai 2002, shule za biashara za Marekani ziliona aibu, maana baadhi ya waliohusika walikuwa wahitimu wake. Jeffrey Skilling, aliyekuwa mkuu wa Enron, alikuwa na shahada ya uzamili ya Harvard. Masomo ya maadili yakaongezwa, na mwaka 2009 kundi la wanafunzi waliokuwa wakihitimu Harvard likaandika kiapo cha mameneja, likitumaini kitakuwa na uzito kama ule wa kiapo cha madaktari. Mbinu ya kufundishia haikubadilika sana. Mwanafunzi anapewa kisa, anapewa nadharia mbili tatu, ile ya wajibu ya mwanafalsafa Kant na ile inayopima matokeo, kisha anajadili meneja angefanya nini. Wanafunzi wenye akili hujadili vizuri sana, na kinachokua kwa zoezi hilo ni ustadi wa kujadili.

Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa theolojia wa Princeton. Kila mmoja alitakiwa aende jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi yao walipangiwa kuhubiri mfano wa Msamaria Mwema. Njiani palikuwa na mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Miongoni mwa walioambiwa kwamba wana nafasi ya kutosha, asilimia 63 walimsaidia kwa namna moja au nyingine. Miongoni mwa walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Kuwa na Msamaria kichwani, tayari kumhubiri, hakukuleta tofauti ya maana. Mimi mwenyewe nimekaa katika semina za maadili ya kazi zenye fomu ya mahudhurio, chai ya saa nne, wasilisho refu ukutani na cheti mwishoni, na siikumbuki sentensi moja iliyosemwa, ingawa chai naikumbuka.

Israel Salanter, rabi wa Lithuania aliyefariki mwaka 1883, aliliona tatizo hili bila maabara. Katika waraka alioutoa mwaka 1858 alieleza jambo ambalo majirani zake wote walilijua. Myahudi wa mitaa ile, hata awe na njaa ya kumtia kizunguzungu, hali chakula mpaka anawe mikono kama dini inavyotaka. Lakini huyohuyo humsengenya mwenzake bila kusita, na katika biashara, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maisha yake, hajichunguzi kama ameshika mali ya mtu isivyo halali mpaka mwenye mali aje kudai. Elimu haikuwa imempungukia, kwani dhuluma na kunawa vyote vimo katika sheria anayoisoma. Ila kunawa kumezoezwa kizazi baada ya kizazi hadi kumekuwa kama maumbile, na uaminifu wa dukani umeachwa uwe maarifa tu. Husimuliwa kwamba alikuwa akisema ni rahisi kuimaliza Talmudi yote, ule mkusanyo mkubwa wa mijadala juu ya Mishna, kuliko kubadili tabia moja. Kwa hiyo aliwahimiza wafanyabiashara na mafundi wa Vilna na Kovno wawe na nyumba ya Musar, mahali pa kuingia walau siku ya Sabato, wakasoma kwa sauti na kwa lahani ya huzuni, kwa imani kwamba neno lisilogusa moyo huishia kichwani.

Chombo alichokipenda kina historia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1808 Menachem Mendel Lefin, msomi Myahudi wa Ulaya Mashariki, alichapisha kwa Kiebrania kitabu cha kujirekebisha tabia: sifa 13, kila sifa juma moja, na baada ya majuma 13 mtu anaanza upya, ili mwaka mzima uwe na mizunguko minne. Kila siku kosa linaandikwa kwa alama katika jedwali. Mpango huo aliuchukua kwa Benjamin Franklin, mchapishaji na mfanyabiashara wa Philadelphia, aliyekuwa na kijitabu cha mistari na vidoa vyeusi kwa kazi hiyohiyo, na aliyekiri kwamba sifa ya utaratibu ilimshinda kabisa. Jina la Franklin halimo katika kitabu cha Lefin. Katikati ya miaka ya 1840 Salanter alisababisha kitabu hicho kichapishwe tena Vilna, na hivyo leja ya mfanyabiashara wa Philadelphia ikaingia katika nyumba za ibada za Lithuania. Wanaotaka kuipeleka sasa katika shule za biashara wanairudisha kwa watu wa kabila la Franklin mwenyewe, ila imerudi na kitu ambacho Franklin hakukitia, nami nitakifikia.

Wayahudi huiita kazi hii heshbon hanefesh. Msomaji wa Kiswahili hahitaji tafsiri, kwa sababu maneno yote mawili anayo: heshbon na hesabu ni ndugu wa shina moja la Kisemiti, na nefesh ni ndugu wa nafsi. Undugu huo hauishii katika sauti. Katika karne ya 11 Bahya ibn Paquda, hakimu Myahudi wa Zaragoza, aliandika kwa Kiarabu kitabu cha wajibu wa moyo chenye mlango mzima kuhusu kuihesabu nafsi, akitaja njia 30 za kufanya hivyo, na wataalamu wameonyesha jinsi alivyochota kwa masufi. Miongoni mwa masufi hao wa mwanzo alikuwapo al-Harith al-Muhasibi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 857, aliyepewa jina hilo kwa mazoea yake ya kujihesabu. Sisi jina hilo tumempa mtu anayefunga vitabu vya kampuni mwisho wa mwaka. Mhasibu wa leo na mhasibu wa Baghdad walitengana njiani, na pendekezo la kufundisha Musar katika shule ya biashara ni jaribio la kuwakutanisha.

Kwa vitendo kazi yenyewe ni ndogo kiasi cha kumkatisha tamaa anayetafuta jambo kubwa. Tuseme juma hili ni la ukweli. Asubuhi mwanafunzi anasoma sentensi moja juu ya ukweli, kwa sauti. Anachagua tendo moja dogo la siku, jembamba kiasi kwamba hawezi kujidanganya kama amelitenda: kwa mfano, hatasema "nipo njiani" akiwa bado anatafuta viatu, wala hataandika "nimeshatuma" kabla hajatuma. Usiku anaandika mistari michache kuhusu lililotokea, alikuwa na nani na alisema nini, bila kujihukumu kwa maneno makubwa. Mara moja kwa juma anakaa na mwenzake mmoja kusoma, na mara moja katika vaadi, yaani kikao cha watu wachache wanaosimuliana wapi waliteleza. Kisa cha kusoma juma hilo kinaweza kuwa cha Rav Safra, mmoja wa walimu wa zama za Talmudi. Mteja alimjia akiwa katika sala, akataja bei ya bidhaa. Rav Safra hakujibu kwa kuwa anasali. Mteja akadhani amekataa, akapandisha bei. Sala ilipokwisha, Rav Safra alikubali bei ya kwanza tu, kwa sababu moyoni alikuwa amekwisha kuiridhia. Kisa hiki kinaweza kujadiliwa dakika tano katika somo la kawaida na kikasahauliwa. Kikisomwa na mtu aliyehesabu kwa siku sita uongo wake mdogomdogo, kinamkaa. Na majuma 13, kwa bahati njema, yanakaribiana na muhula mmoja wa chuo.

Thamani ya wazo hili kwa biashara hasa naiona katika fundisho la Eliyahu Dessler, aliyekulia katika mapokeo ya Musar ya Kelm, mji wa Lithuania, na kufundisha Gateshead, Uingereza, kabla ya kuhamia Bnei Brak. Dessler alifananisha uchaguzi wa mtu na mstari wa mbele vitani. Nyuma ya mstari kuna nchi iliyokwisha kutekwa, mambo yasiyomtamanisha tena. Mbele yake kuna nchi asiyoweza kuifikia bado. Vita yenyewe iko mstarini tu, na mstari husogea kila siku, mbele au nyuma. Mhasibu mwenye kazi nzuri hapigani vita na droo ya fedha. Hilo lilikwisha alipokuwa mtoto. Vita yake iko katika tarakimu moja ambayo bosi anaomba "irekebishwe" kidogo mwisho wa robo mwaka.

Oktoba 2000, katika WorldCom, wahasibu wa ngazi ya kati waliombwa kuchota dola milioni 828 katika akiba zilizotengwa kwa madeni mengine ili gharama za kukodi mitandao zionekane ndogo. Hawakuwa wezi. Walipinga, baadhi yao wakaandaa barua za kujiuzulu, wakaambiwa ni mara hii tu, na meli ikitengemaa haitatokea tena. Barua hazikutolewa. Robo ya kwanza ya 2001 mbinu ilikuwa nyingine, gharama zikaandikwa kama mali, na ikaendelea hivyo robo baada ya robo hadi timu ya ukaguzi wa ndani ya Cynthia Cooper ilipoligundua jambo Juni 2002, kiasi kikiwa kimefika dola bilioni 3.8. Rav Huna wa Talmudi alikwisha kusema kwamba mtu akitenda kosa akalirudia, huwa kwake kama halali. Hakusema kwamba amekuwa mwovu. Amesema tu kwamba kipimo kimenata. Mafunzo ya visa humwonyesha mwanafunzi kampuni ikiwa imekwisha kuungua. Daftari la kila usiku lingemwonyesha mstari wake ulipokuwa Jumatatu na ulipofika Ijumaa, akiwa bado ana uwezo wa kuurudisha.

Kuna sababu nyingine ya kufanya kazi hii kabla ya kosa, nayo Talmudi inaieleza kwa ukali. Rabi Levi alisema adhabu ya vipimo vya udanganyifu ni nzito kuliko ya zinaa zilizokatazwa, na hoja inayotolewa ni ya kivitendo: mwenye vipimo vya uongo hawezi kutubu, kwa kuwa toba inahitaji kurudisha, naye hajui amwendee nani. Waliopunjwa ni wapita njia wa miaka kumi. Kwa watu wa namna hiyo wahenga walishauri wajenge kitu kinachotumiwa na umma, kama visima, wakitarajia kwamba huenda baadhi ya waliopunjwa watakunywa maji yake. Mwenye duka angalau aliwaona wateja wake usoni. Mhasibu wa kampuni ya hisa amempunja mstaafu wa mji asioujua kupitia mfuko wa pensheni asiousikia, na hakuna kisima cha kuwafikia wote.

Wapinzani wa wazo hili wana hoja, na iliyo nzito kuliko zote ni kwamba tabia inapewa sifa isiyostahili. Jaribio la Princeton, wanasema, linaonyesha kwamba saa ilikuwa na nguvu kuliko moyo. Basi rekebisha saa, yaani malengo ya mauzo, bonasi na mamlaka ya wakaguzi, uache nafsi za watu. Nakubali nusu yake. Talmudi yenyewe haikuutegemea moyo wa mwenye duka pekee, maana inazungumzia wakaguzi waliowekwa sokoni kusimamia vipimo. Chuo kitakachofundisha madaftari ya nafsi kikaacha kufundisha udhibiti wa ndani kitakuwa kinawatuma vijana vitani na tasbihi. Lakini wakaguzi nao ni watu wenye mstari wao wa mbele. Arthur Andersen, kampuni ya ukaguzi wa hesabu, ilikuwa na taratibu za kutosha kujaza kabati, na vitabu vya Enron ilivikagua yenyewe.

Hoja ya pili ni chungu zaidi. Bernard Madoff alipokamatwa Desemba 2008 kwa upatu uliomletea baadaye kifungo cha miaka 150, alikuwa mweka hazina wa bodi ya Yeshiva University ya New York na mwenyekiti wa bodi ya Sy Syms, shule ya biashara ya chuo hichohicho, ambacho kimejengwa juu ya masomo ya Torati. Miongoni mwa waliopoteza zilikuwamo taasisi nyingi za hisani za Kiyahudi, ukiwamo mfuko wa mwandishi Elie Wiesel. Udanganyifu wa aina hii hutembea juu ya kuaminiana kwa jumuiya, na kila jumuiya ina wake. Tanzania haijausahau upatu wa DECI wa 2009, uliowavuta waumini wengi wa makanisa kwa lugha ya kupanda mbegu. Ninachokisoma katika kisa cha Madoff ni kwamba kukaa karibu na hekima hakumfuti mtu. Alikuwa na kiti mezani, heshima na jina, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumuuliza Jumapili jioni: juma hili umeteleza wapi? Bodi si vaadi.

Hapo ndipo masharti yanapoanza. Chuo kinapenda alama, na unyenyekevu ukiwekewa alama 15 kati ya 100 utapatikana kwa wingi, katika madaftari yaliyoandikwa usiku mmoja kabla ya kukusanywa. Daftari lisisomwe na mwalimu wala lisisahihishwe. Mwalimu naye aandike lake na akae katika vaadi kama mwanakikao, na wapo wahadhiri wengi ambao sharti hilo peke yake litawaondoa. Sharti jingine linahusu kile kilichoongezwa kwenye leja ya Franklin. Franklin alikuwa akijiboresha. Nafsi yake ilikuwa duka lake. Katika Musar hesabu ina mkaguzi. Rava anasema katika Talmudi kwamba mtu akifikishwa mbele ya hukumu, swali la kwanza ataulizwa kama alifanya biashara yake kwa uaminifu, na linatangulia swali la kama alitenga muda wa kusoma Torati. Mwanafunzi asiye Myahudi, au asiye na dini, hawezi kulazimishwa kuamini mkaguzi huyo, wala haipendezi kumvua Myahudi mapokeo yake na kuyauza kama mbinu ya kuongeza tija. Chuo kiseme wazi kazi hii imetoka wapi na inamdai mtu kwa nani, kila mwanafunzi aamue mwenyewe atajibu kwa nani, na asiyetaka aruhusiwe kuchukua somo jingine.

Bado linabaki swali la kujua kama kuna lolote limebadilika ikiwa madaftari hayasomwi. Jibu lililonivutia zaidi linatoka Novardok, mji ulio Belarus ya leo, kwa Yosef Yozel Horwitz, aliyekuwa mfanyabiashara kabla ya kukutana na Salanter katika mji wa Memel na kuiacha biashara yake. Wanafunzi wake walipewa mazoezi ambayo wakosoaji waliyaona ya kiwendawazimu, na sitetei yote. Lililo maarufu ni la kuingia duka la dawa na kuomba misumari. Mwanafunzi anasimama mbele ya kaunta, anaomba kwa adabu, watu wanageuka, wanacheka, yeye anashukuru na kutoka. Zoezi lilikusudiwa kuiua hofu ya kuonekana mjinga, na nadhani hofu hiyo huwanyamazisha watu wengi kuliko hongo.

Zoezi hilo halighushiwi, kwa kuwa lina mashahidi, na lina nafasi yake katika mafunzo kwa vitendo ambayo wanafunzi wa biashara hupelekwa makampuni kila mwaka. Mgeni wa ofisi, katika kikao ambacho kila mtu anatikisa kichwa kukubali, anyooshe mkono aseme kwamba samahani, yeye hajaelewa tarakimu hii ya mstari wa nne imetoka wapi. Mara nyingi kutakuwa na maelezo mazuri na wakubwa watacheka. Aandike usiku jinsi uso ulivyomwaka, na juma lijalo aulize tena.